Mahindi ya mwaka mzima kutoka soko la Kibaigwa

Bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchomea gunia na kuchota punje, likazama ubavuni mwa gunia, likatoka na punje zisizojaa konzi, na yule kijana akanimiminia kiganjani. Nikatia moja kati ya magego nikauma. Ikalia ka! Nikauma ya pili, ikalia. Nikamwomba achome gunia la chini kabisa, lile lililokandamizwa na mengine manne, akachoma bila kununa. Nalo likalia. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, upepo wa baridi unatutia vumbi na makapi machoni, na hapo ndipo nilipoanza kuliamini soko la Kibaigwa.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama 12 wa Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Kila mwaka baada ya mavuno tunachanga fedha na kununua mahindi ya kula hadi mavuno mengine, gunia moja na nusu kwa kila kaya, jumla magunia 18. Wenzangu wananikabidhi fedha zao kwenye bahasha, nyingine zina noti za shilingi elfu mbili zilizokunjwa mara nne kwa sababu ziliwekwa kidogo kidogo tangu Januari. Ukibeba fedha za namna hiyo hununui kwa kubahatisha. Nimeshanunua soko la Majengo, nimeshanunua kwa wenye Canter wanaopita mitaani na kipaza sauti, nimeshakwenda mashambani hadi Chemba, na sasa Kibaigwa nimekwenda mara mbili. Naandika kwa ajili ya kaya na vikundi kama chetu, si kwa wafanyabiashara wakubwa. Wao njia wanaijua.

Kwanza niseme kilichotufikisha huko. Mwaka mmoja nilinunua mahindi kwa mchuuzi aliyekuja hadi mlangoni. Alipima kwa debe, debe sita gunia, na bei ilikuwa tamu. Debe lake lilikuwa limebonyezwa kitako kwa ndani, nami sikuligeuza kulitazama. Tulipoyapeleka mashineni kusaga na kuyapitisha kwenye mzani, kila gunia lilipungua kilo 11 kwenye mia tuliyoahidiwa. Hilo tungelisamehe. Ambalo hatukuweza kulisamehe ni unyevu. Mahindi yalikuwa hayajakauka, na kufika mwezi wa tatu magunia matatu yalikuwa na ukungu wa kijani, ukifungua mdomo wa gunia unapigwa na harufu ya chumba kilichofungwa. Tukayafukia. Jirani mmoja alitushangaa, akasema tungewapa kuku. Hatukuwapa kuku, na hatukumwuzia mtu wa pombe. Mwaka 2016 katika mikoa hii miwili, Dodoma na Manyara, watu waliugua macho ya njano na matumbo kujaa maji, wengine wakafa, na chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ndani ya mahindi waliyoyala nyumbani kwao. Kupika hakuimalizi sumu hiyo. Ukikoboa inapungua, haiondoki yote. Tangu mwaka huo mimi siwezi kutazama punje yenye ukungu nikaiona ni hasara ya fedha tu.

Kwa hiyo tulitaka soko lenye mambo mawili: mzani, na nafasi ya kuchagua mahindi makavu kabla fedha haijatoka.

Kibaigwa iko wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Kutoka stendi ya Nanenane unapanda basi dogo la Gairo au lolote linaloelekea huko, unapita Ihumwa na Chamwino, unafika njia panda ya Mbande ambapo kulia wanashuka wa Kongwa na Mpwapwa, nawe unaendelea mbele. Hazifiki kilomita mia. Nilikwenda jioni nikalala huko ili niamkie sokoni, na hivyo ndivyo ninavyomshauri kila mtu, kwa sababu mahindi mazuri yanachukuliwa na walioamka.

Pale Mbande huwa namkumbuka babu mzaa mama. Alikuwa kijana Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaachia uhaba wa mafuta ya kupikia, wakaamua kulima karanga katika pori la Kongwa kwa matrekta, wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kufyeka pori, wakajenga na reli kutoka Msagali. Babu alikuwa kwenye kundi la kung'oa visiki. Alikuwa akisema udongo wa Kongwa wakati wa masika unafinyangika, masika yakiisha unakuwa saruji, na karanga zimo ndani yake hazing'oki. Mvua nazo hazikutosha. Mwaka 1951 mpango ukafa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sehemu ya ardhi ile ndiyo leo Ranchi ya Kongwa, ukipita unaona ng'ombe.

Nalisema hilo kwa sababu wilaya iliyowashinda wenye vifaru ndiyo leo ina soko la nafaka ambalo malori ya Dar es Salaam na ya Kenya yanalifuata. Si mahindi yote ni ya Kongwa, hapana. Mengi yanashuka kutoka Kiteto, upande wa Manyara, kule Matui, Engusero na Dosidosi, mengine kutoka Gairo na vijiji vya jirani. Ila yote yamelimwa na watu wa heka tano, heka kumi, wengi kwa trekta la kukodi na palizi ya jembe la mkono. Niliposimama kwenye banda na kuona chungu za mahindi meupe zilizopita kimo changu, nilitamani babu angekuwepo.

Mji wenyewe ni mamlaka ya mji mdogo, na ni soko lililoota mji. Barabara kuu inaupasua katikati. Upande na upande kuna gesti, maduka ya pembejeo, mafundi wa matairi, mashine za kukamua alizeti ambazo utazinusa kabla hujaziona, na akina mama wanaouza chai na chapati tangu saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya madereva. Nililala kwenye gesti moja ya nyuma ya barabara. Shuka safi, maji kwenye ndoo, na usiku kucha injini za malori. Mhudumu aliahidi maji ya moto asubuhi. Asubuhi hayakuwepo, naye hakuwepo. Kwa bei yake sikuwa na neno zaidi.

Chakula kilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mama lishe mmoja karibu na soko anapika ugali wa mtama kwa anayeutaka, pamoja na mlenda na nyama ya mbuzi. Nilimsalimia Kigogo, "Mbukwa!", akacheka na kuniongezea mlenda. Ugali wake haukuwa na mchanga hata chembe, na mtu anayejua mtama unavyopurwa chini anaelewa kwamba hiyo ni kazi.

Sasa soko. Mahindi yanaingia kwa malori na matrekta, yanashushwa na kumwagwa au kupangwa magunia yakiwa na mwenyewe au dalali wake pembeni. Unazunguka. Usinunue kwa wa kwanza, hata kama ni mzuri. Zunguka, uma punje, uliza ametoka wapi na yalivunwa lini. Wauzaji hawa wamezoea kuulizwa. Mmoja aliniambia, "Mama, haya ya Matui, makavu kau, yamekaa juani wiki mbili juu ya turubai." Neno turubai lilinitosha kusimama. Mahindi yanayoanikwa chini ardhini hunyonya unyevu na kubeba ukungu wa udongo, na mkulima anayetaja turubai bila kuulizwa ameshajua mnunuzi anaogopa nini.

Mimi nina kipimo changu cha ziada, nilichofundishwa na bwana shamba miaka mingi iliyopita, na sijawahi kukiacha. Nabeba chupa ndogo ya kioo iliyokauka na chumvi kavu. Natia punje hadi theluthi, natia vijiko viwili vya chumvi, natikisa vizuri, naiacha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ikibaki inateleza, yamekauka vya kutosha kuhifadhi. Wanunuzi wakubwa wana vifaa vya kupimia unyevu, wanatafuta asilimia 13.5 kushuka chini, na ukimwomba mmoja kwa adabu atakupimia konzi lako. Nilimwomba mzee mmoja mwenye lori la Dar es Salaam. Akaniambia, "Lete mwanangu," ingawa nina miaka hamsini na mitano. Kifaa chake kikasema 12.8. Chupa yangu nayo ilikuwa haijanata. Nilifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Tukapatana shilingi 650 kwa kilo. Angalieni neno hilo: kwa kilo. Hapa ndipo Kibaigwa inapostahili sifa zake. Kwingine bado utasikia gunia la debe sita, debe saba, na lumbesa ile ya kushonewa kilemba juu ya mdomo wa gunia mpaka linafanana na mtu aliyebeba mtungi. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo mia kwa gunia, lakini shambani nani yupo? Lumbesa inamnyonya mkulima, na debe lililobonyezwa linaninyonya mimi. Mzani haumjui mkulima wala mnunuzi. Nilisimama mbele ya mzani wa sokoni nikatazama wakiweka kwanza gunia tupu, wakasoma uzito wake, ndipo wakajaza. Mara 18. Kila ulipotulia, karani alitamka namba kwa sauti, mwenye mahindi akaandika kwake na mimi nikaandika kwenye daftari langu la kikundi. Gunia la saba lilisoma 101, wakachota kwa bakuli wakapunguza. La kumi na tatu lilisoma 99, wakaongeza. Hakuna aliyenihimiza, ijapokuwa nyuma yangu alikuwepo mtu wa tani thelathini.

Vijana wa kupakia wana mpangilio wao, wana fulana zao na bei yao ya gunia inajulikana kabla hawajainua. Ushonaji wa midomo ya magunia ulifanywa na baba mmoja mwenye sindano ndefu na uzi wa katani, haraka kiasi kwamba nilimwomba arudie gunia moja polepole nione mkono unavyopita. Alirudia.

Nilikaa pia na akina mama wanaochekecha. Wanakusanya punje zilizomwagika chini, wanazipepeta kwa ungo na kuzitenga na mchanga na vumbi. Mmoja alinieleza kwamba wana sehemu zao na zamu zao, na kwamba amesomesha watoto wawili kwa ungo ule. Mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko. Ukienda, ukiona gunia lako limechanika kidogo na punje zimemwagika, usigombee kuzizoa. Waachie.

Kuna jambo la kuangalia, na halitokei ndani ya soko bali nje, pale unaposhuka kwenye basi. Siku ile ya kwanza jioni kijana mmoja aliyevaa vizuri alinipokea mzigo, akaniita shangazi, akaniambia sokoni nitasumbuka bure, ana ghala la ndugu yake nyuma ya nyumba pale, bei ya chini. Nikamfuata. Ghala lilikuwa na taa moja. Akachoma bambo juu, mahindi mazuri. Akachoma ubavuni, mazuri. Nikamwambia amwage gunia moja lote juu ya turubai, nitamlipa ya kulishona upya. Akakataa, akasema mahindi yatachafuka. Nikamwuliza mzani uko wapi, akasema wanatumia debe. Nikachukua mzigo wangu nikaondoka. Sijui ndani ya magunia yale mlikuwa na nini. Ninachojua ni kwamba bambo linatoboa pale mkono wa mwenye bambo unapopenda. Basi shikeni bambo wenyewe, au ombeni gunia limwagwe. Anayeuza kitu chake kizuri hakatai kukimwaga.

Hesabu zetu zilikuwa hivi. Kilo 1,800 kwa 650 ni shilingi 1,170,000. Nafasi kwenye lori lililokuwa linarudi Dodoma 63,000, ambayo ni 3,500 kwa gunia. Kupakia na kushusha 18,000. Mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani isiyopitisha hewa, 18 kwa 5,000, ni 90,000. Nauli yangu, gesti na chakula 39,000. Jumla 1,380,000, kila kaya ikalipa 115,000. Wiki ile mtaani kwetu kilo ilikuwa 850, yaani kilo 150 zingegharimu 127,500. Tumeokoa shilingi 12,500 kwa kaya. Si nyingi, na anayekwenda Kibaigwa akitegemea bei ya kutupwa atarudi amekunja uso. Tena kama unataka gunia moja au mawili, usiende; nauli na usafiri vitakula nafuu yote. Kuanzia magunia kumi na kuendelea ndipo safari inajilipa.

Lakini hesabu ya bei haionyeshi magunia matatu ambayo hatukuyafukia mwaka huu. Haionyeshi zile kilo 11 mara 18, ambazo ni karibu magunia mawili mazima. Kwangu mimi faida ya Kibaigwa iko huko.

Stakabadhi ya ushuru nilipewa, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Usipande lori bila hiyo karatasi. Kwenye kizuizi cha mazao dereva aliulizwa, nami nikaitoa, tukapita.

Kuhusu mifuko ya kinga njaa, wenzangu wawili walilalamika kwamba ni ghali. Nikawaambia wakumbuke dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini kwetu kupitia Tabora miaka mingi iliyopita na hajaondoka. Anaigeuza punje kuwa unga ndani ya ganda lake, ukishika gunia linaporomoka kama mfuko wa majivu. Mfuko ukifungwa vizuri anakosa hewa, anakufa, na hatuli dawa ya unga ya kuulia wadudu. Kufunga kwenyewe kunahitaji uvumilivu: nailoni ya ndani unaisokota na kuikunja, unafunga, ndipo ya pili, ndipo kiroba cha nje. Usiupange mfuko sakafuni, weka mbao chini, na usiuegemeze ukutani. Usiufungue kila wiki kuchungulia. Na kama mahindi hayajakauka, mfuko hautakuokoa, utakufungia ukungu ndani.

Tulifika Nkuhungu saa kumi na moja jioni. Akina mama walikuwa wameshakusanyika na watoto na mikokoteni. Tuliazima mzani wa mashine ya jirani tukapima yote upya mbele ya kila mtu, kwa sababu fedha ni zao na haki ya kuona ni yao. Jumla ilisoma 1,797. Kilo tatu zilipotelea njiani, kwenye gunia moja lililotobolewa na msumari wa bodi ya lori. Tuligawana upungufu huo, robo kilo kila kaya, na hakuna aliyesema neno.

Mama yangu mzazi anaishi nami. Ana miaka 81, macho yamepungua nguvu. Mama yake, bibi yangu, alikuwa mtoto wa miaka sita hivi wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwishoni mwa vita ya kwanza na baada yake, ambapo majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe na watu wakachukuliwa kubeba mizigo, mvua nazo zikakataa. Bibi alikuwa akituambia kuhusu vihenge vitupu ndani ya tembe, na jinsi watu walivyokuwa wakivikung'uta. Kwa hiyo mama haamini gunia mpaka aliguse. Tulimletea kigoda, akakaa mbele ya gunia lililo wazi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kuuacha humo kwa muda mrefu. Kisha akanusa kiganja.

"Yamekauka," akasema.

Halafu akauliza kama Kibaigwa kuna uwele. Nikamwambia nimeuona, kidogo, karibu na upande wa mtama na choroko. Akasema mwakani nimletee debe mbili, na nihakikishe zimepimwa.